Mbona Tajiri Haniumi, Ananiuma wa Dawati Moja?

Orodha iliingia kwenye grupu saa tatu usiku, nikiwa mezani. Mweka hazina wa kamati ya harusi alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, MICHANGO HADI LEO, na chini yake majina mstari kwa mstari: jina, ahadi, kiasi kilichotolewa, kisha tiki ya kijani kwa aliyemaliza na neno "bado" kwa ambaye hajamaliza.

Nikatafuta jina langu kwanza. Ahadi 100,000, katoa 50,000, bado. Nikapanda juu kabisa. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mabondo, vile vifuko vya hewa vya samaki: 2,000,000, tiki. Nikampita vizuri tu, hata nikamwombea Mungu amzidishie. Nikashuka majina machache, nikamkuta mtu niliyekaa naye dawati moja sekondari. 500,000. Tiki.

Ugali ukanikwama.

Wiki zimepita na jambo hili halijanitoka. Yule bwana sina ugomvi naye. Tukikutana stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, tunakumbatiana na kuulizana habari za watoto. Kinachonisumbua ni hesabu yake. Milioni mbili ni nyingi kuliko laki tano. Kama maumivu yangekuwa yanafuata ukubwa wa fedha, yangeishia kwa tajiri wa mabondo. Yeye yalimruka, yakaenda kutua kwa mtu ambaye tuligawana naye kitabu kimoja cha hesabu.

Nikaanza kusoma.

## Anayefanana na wewe

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alichapisha makala ambayo mpaka leo ndiyo watu wanaoanzia wakitaka kuzungumzia kujilinganisha. Alisema binadamu ana haja ya kujipima, na pale ambapo hakuna kipimo cha wazi anajipima kwa watu wengine. Lakini hachukui yeyote tu. Anamtafuta anayefanana naye, na pengo likiwa kubwa mno hamu ya kujilinganisha inakufa. Alitoa mfano wa sataranji: anayejifunza mchezo leo hajilinganishi na mabingwa.

Tajiri wa mabondo kwangu ni bingwa wa sataranji. Sijui bondo linapangwaje madaraja, sijui anayelinunua mwaloni ni nani na anayelipokea China ni nani. Maisha yake hayaniulizi chochote. Wa dawati moja ananiuliza. Tulifundishwa na mwalimu yule yule, tulikula makande ya sufuria moja, tulifanya mtihani mmoja siku moja. Mabadiliko madogo tu, na maisha yake yangekuwa yangu.

Kabla ya Festinger kulikuwa na Samuel Stouffer na wenzake, waliowachunguza wanajeshi wa Marekani wakati wa vita kuu ya pili na kuchapisha matokeo mwaka 1949. Walikuta jambo lililowashangaza. Polisi wa jeshi walikuwa wanapandishwa vyeo kwa nadra, ilhali kikosi cha anga vyeo vilimwagika. Ungetegemea wa anga waridhike zaidi na nafasi zao za kupanda. Walioridhika zaidi walikuwa polisi. Kule ambako karibu kila mtu amebaki chini, kubaki chini hakukuumizi. Kule ambako wenzako wanapanda, wewe uliyebaki unajiona.

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda, Buhongwa au Igoma, utaliona hili bila kufungua kitabu. Vijana wote wakiwa na pikipiki za mkataba, kijiwe kina utani na amani. Wawili watatu wakimaliza mkataba na kushika kadi zao, wale waliobaki wanaanza kuona siku ndefu. Hesabu ya jioni ni ile ile waliyokuwa wakipeleka kwa bosi mwezi uliopita.

## Mlima wetu

Mji wetu umewekwa kinyume. Kwingine mwenye nazo hupanda kilimani kutafuta hewa na mandhari. Mwanza mwenye nazo yuko chini, Capri Point, maji yakimgusa miguuni, na asiye nazo amepanda juu ya mawe: Mabatini, Igogo, Bugarika. Mtu anayelala chumba kimoja na watoto wanne anaamka na ziwa zima mbele yake, visiwa, mitumbwi ya dagaa inayorudi asubuhi, na paa zote za matajiri zikiwa chini ya macho yake.

Kwa hiyo kama kuona utajiri tu kungetosha kumwumiza mtu, huku juu pasingelalika.

Shangazi yangu anakaa kwenye mlima mmojawapo. Kwenda kwake unapanda barabara ya mawe mpaka inapokatika, halafu ngazi zilizochongwa katikati ya majabali, halafu kijia ambacho lazima upite jikoni kwa mtu useme hodi ndiyo uendelee. Maji ya bomba kwa wa chini yanatoka. Yakifika usawa wa katikati yanakuwa uzi. Kwa shangazi hayafiki kabisa, kwa hiyo vijana wanapandisha madumu ya lita 20 begani, na kadiri unavyokaa juu ndivyo dumu linavyozidi bei, maana jasho lao nalo lina gharama. Yule mwenye bustani ya majani kule ufukweni analipa maji kidogo kuliko mama anayesubiri dumu moja apikie na kuoga nalo.

Siku moja baada ya shikamoo na marahaba nilimwuliza, "Shangazi, ukiwaangalia wale wa kule Capri Point huwa unaonaje?"

"Kule kuna nini, mwanangu? Kule si kwao?"

Kisha, bila mimi kuuliza, akanyoosha kidevu kuelekea nyumba ya pili, iliyoezekwa upya kwa bati la msauzi, rangi ya damu ya mzee. "Huyu ndiyo. Huyu tulikuja naye hapa sote tuna nyumba za tope. Mume wake na marehemu wangu walikuwa wanabeba magunia pamoja Mwaloni." Akanyamaza kidogo. "Jua la asubuhi likipiga pale, mwanga unaingia mpaka kitandani kwangu."

Nilikaa pale nikiwaza kwamba mimi na shangazi yangu, ambaye hajawahi kushika simu yenye grupu, tunaumwa ugonjwa mmoja.

## Ng'ambo ya ziwa

Ukivuka upande wa Kenya, kaunti ya Siaya, kuna Rarieda, iliyo mwambaoni mwa ziwa hili hili letu. Mwaka 2011 na 2012 shirika la GiveDirectly liligawa fedha taslimu kwa kaya maskini za huko, na waliopata walipatikana kwa bahati nasibu. Watafiti watatu, Johannes Haushofer, James Reisinger na Jeremy Shapiro, walitazama kilichowapata wale ambao majirani zao walipata.

Waliripoti kwamba kuridhika kwao na maisha kumeshuka. Tena kushuka huko kwa sababu ya fedha ya jirani kulikuwa kukubwa kuliko kupanda kunakotokana na fedha ya mtu mwenyewe. Msongo na huzuni havikuongezeka kwa kiasi cha kutajika. Kilichoanguka ni jibu la lile swali pana: kwa ujumla, unaridhika na maisha yako? Na baada ya muda athari yenyewe ilififia.

Hapo nilitaka kufunga kitabu na kusema nimepata jibu. Lakini upo utafiti mwingine wa baadaye, katika Siaya hiyo hiyo, vijiji 653, na unasema jambo la pili: kaya ambazo hazikupata kitu nazo ziliishia kutumia zaidi, kwa sababu walionufaika walinunua kwenye maduka yao na kuwapa vibarua, na bei za vitu zilipanda kidogo mno.

Nimekaa na tafiti hizi mbili na sioni zikipingana. Mafundi walioezeka lile bati la msauzi walikunywa chai na maandazi ya shangazi mpaka kazi ilipoisha. Alipata hela. Na bado mwanga ule unamwamsha vibaya.

## Orodha haina safu ya sababu

Bwana harusi ndiye aliyenieleza, tena katikati ya mazungumzo ya viti na maturubai, wala hakujua kama lilikuwa linanihusu. Yule wa dawati moja alipochaguliwa kidato cha tano hakuwa na pa kukaa wakati wa likizo wala wa kumlipia ada. Baba yake bwana harusi alimchukua, akakaa kwao Igoma mpaka akamaliza kidato cha sita. Laki tano ile alikuwa anairudisha kwa mzee.

Nilipoa. Kisha kupoa kwenyewe kukanitia wasiwasi. Kwa nini nilijisikia nafuu? Kwa sababu sasa namwona kama mtu mwenye deni, ameshuka kidogo karibu na nilipo. Nafuu ya namna hiyo haina tofauti kubwa na maumivu yaliyoitangulia. Zote mbili zinataka yeye awe hapa na mimi niwe pale.

Kwenye kamati nyingine nikatoa hoja kwamba michango ijulikane na mweka hazina peke yake. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikumbusha kwamba hata Baraza la Mitihani, Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora wa kidato cha nne. Mama mmoja, mtu aliyekaa kamati nyingi kuliko sisi wote, akanisikiliza hadi mwisho.

"Baba, kwanza ukificha majina hela hazitoki, na hilo unalijua. Pili, mimi nauza mboga. Nikitoa 10,000 yangu nataka ionekane, maana wapo wanaodhani sina hata hiyo. Ukificha orodha unamficha nani? Mwenye nacho kila mtu anamjua tayari."

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Nilikuwa nimeiona orodha kwa macho ya mtu wa katikati, anayeogopa kupitwa. Yeye aliiona kwa macho ya mtu ambaye kwa kawaida jina lake haliandikwi popote. Na hata kwenye matokeo ya mitihani, wazazi bado wanajumlisha wenyewe, na shule zinajichapishia mabango.

## Ridhika

Ushauri tunaopewa mara nyingi, kanisani, msikitini, kwenye vikao vya familia, ni kwamba usijilinganishe, ridhika na ulichojaliwa. Ninauheshimu. Naamini katika kushukuru, na nimeona watu walioshikiliwa na shukrani tu walipokuwa hawana kingine. Ila kuna utafiti unaonizuia kuishia hapo.

Mwaka 1967 Uingereza ilianza kufuatilia afya ya watumishi wa serikali waliokuwa wakifanya kazi ofisi za Whitehall, London, wanaume zaidi ya 17,000. Michael Marmot na wenzake walipohesabu vifo vya miaka 10 walikuta wa daraja la chini kabisa wamekufa mara 3 ya wa daraja la juu kabisa. Hawa ni waajiriwa wa serikali, wenye mshahara wa kila mwezi na hospitali ya bure. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti. Na mstari haukukatika mahali: hata wa daraja la pili kutoka juu, ambaye mimi ningemwita bosi, hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya aliye juu yake.

Utafiti wa pili, ulioanza 1985, ulichimba zaidi. Moja ya mambo yaliyojitokeza kwa nguvu ni kiasi gani mtu ana sauti juu ya kazi yake mwenyewe: nani anaamua afanye nini, lini, kwa mwendo gani.

Niliposoma hapo nilikumbuka ufukwe wa Igombe. Wapo kina mama wanaoanika dagaa kwa ujira. Wingu likitanda wanakimbia kuanua, jua likirudi wanaanika tena, na hawaamui chochote kati ya hivyo. Mwenye mzigo ndiye anayesema, na kupima ni yeye, na bei ya siku wanaisikia kwake. Mvua ikiharibu mzigo, ujira unapungua. Mwambie mama huyo aridhike, atakuitikia kwa adabu. Lakini kisichokuwa sawa hapo hakiko moyoni mwake.

Swali langu likabadilika pale. Nilikuwa nauliza moyo wangu una kasoro gani. Sasa nauliza kwa nini macho yetu sote yanakwenda kwa jirani tu.

## Macho ya pembeni

Aliyenisaidia ni Mwingereza, W. G. Runciman, katika kazi yake ya mwaka 1966. Aliwauliza watu wa Uingereza kama kuna watu wengine wanaofanya vizuri kuliko wao, na ni kina nani. Wafanyakazi wa mikono, katika nchi yenye matabaka yanayoonekana kuanzia lafudhi, mara nyingi hawakuwataja wenye mali. Walitaja watu wa karibu nao: mwenye zamu za usiku, mwenye watoto wachache, au walisema hakuna. Runciman akatenganisha aina mbili za kujiona umenyimwa. Kuna mtu anayejilinganisha peke yake na wenzake wa kundi lake. Na kuna mtu anayelilinganisha kundi lake zima na kundi jingine.

Nimelisoma hili tena na tena, na kila nikilisoma naona mlima wetu.

Shangazi anajua bati la jirani limegharimu kiasi gani, mpaka misumari. Alikuwa hajui, na hajawahi kujiuliza, kwa nini maji yanayovutwa ziwani pale chini yanawafikia wanaokaa kando ya ziwa kwanza na kwa bei nafuu. Mimi najua mwenzangu katoa laki tano. Sijawahi kukaa nikauliza kwa nini wawili kati ya darasa letu lote ndio waliofika chuo kikuu, na kwa nini wote wawili walikuwa na mtu mjini wa kuwapokea. Tunalinganishana pembeni mno. Uchungu wote unaishia kwa wa jirani, na pengo kubwa linabaki limelala bila mtu kulisumbua. Sidhani kuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, ila wapo wanaonufaika nalo.

Na huku Usukumani si kwamba hatujui kulinganisha kundi kwa kundi. Tangu karne ya 19 tunao Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana. Msimu wa mavuno ukifika wanakutana uwanja mmoja, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma pale Bujora, Kisesa, utaona watu wazima wakihama mbio kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa sababu mmoja ametoa chatu. Kushindwa pale kunauma kweli. Dawa za kuvutia watu zisingekuwepo kama hakungeuma. Lakini kunauma kwa pamoja. Mnarudi nyumbani mmeshindwa nyote, mnakaa chini, mnaulizana wenzetu walifanya nini ambacho sisi hatukufanya, na mnaanza mazoezi.

Kulinganisha kwa namna ile sitaki kuponywa.

## Barua

Mwezi uliopita nilipanda kwa shangazi nikawakuta wameketi nje watu kama saba, wote wa majabali ya juu, na yule jirani wa bati la msauzi akiwa ameshika kalamu. Yeye ndiye anayeandika vizuri kuliko wote pale. Walikuwa wanaandika barua ya kupeleka ofisi ya mtaa kuhusu maji. Mmoja alitaka waandike kwamba wanaomba wafikiriwe. Shangazi akakataa neno hilo. Alisema waandike dumu moja wananunua kwa shilingi ngapi juu, na wa chini wanalipa shilingi ngapi kwa maji kiasi hicho hicho, zikae mstari mmoja, anayesoma ajumlishe mwenyewe.

Jirani akauliza, "Na wa Capri Point tuwaandike?"

"Waandike," shangazi akasema. "Ndiyo wa kwanza."

Barua imepelekwa, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu bado. Wamekubaliana kwamba mwezi ukiisha bila majibu watashuka wote, na shangazi amenitaka nimtafutie bei halisi za maji za kule chini, zilizoandikwa kwenye ankara, maana hizo walizoweka walizisikia kwa watu.